Kutazama Bata na Wageni wa Majini Nakuru, Novemba hadi Machi: Mwongozo Kamili

Kuanzia Oktoba, baridi inapoanza kugandisha mabwawa ya Ulaya Kaskazini na Siberia, bata na ndege wa matopeni wa huko hufunga safari ya kuja kusini. Sehemu yao huishia Bonde la Ufa, na mtu wa Nakuru anaweza kuwafikia kwa nauli ya matatu au boda boda. Hukaa nasi mpaka Machi, wengine mpaka Aprili.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema kwa sababu hatua zote zinauegemea: chagua maji mamoja, uyarudie. Anayezunguka maziwa matano kwa mwezi hupata orodha ndefu ya majina. Anayerudi kwenye bwawa moja kila Jumamosi ndiye anayemwona bata wa kahawia asiyetambulika akibadilika rangi wiki baada ya wiki hadi ajulikane ni nani. Tena ukishawazoea wenyeji wa maji hayo, siku mgeni akitua utamwona hata kabla hujalijua jina lake.

Hatua ya 1: Chagua maji yako

Ziwa Nakuru ndilo la kwanza kufikiriwa, na kwa haki. Lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1961, likawa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elmenteita, liliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini ziwa la kwenye kadi za posta, lililojaa heroe (flamingo) hadi ufuo ukawa wa waridi, si lile utakalolikuta. Maji yamekuwa yakipanda tangu karibu mwaka 2010. Yalifunika lango kuu la zamani na barabara kadhaa, na chumvi yake ikapungua. Mwani ambao heroe wadogo huutegemea unahitaji maji ya magadi makali, kwa hiyo wengi wao walihamia Bogoria na kwingineko. Mahali pao wameongezeka wala samaki, yaani mwari na mnandi, na bata wanaopenda maji yasiyo makali. Kwa mtazamaji wa bata hilo si hasara.

Ndani ya mbuga, elekea mahali mito inapoingilia ziwani: Njoro upande wa kaskazini, Makalia na Nderit upande wa kusini. Ndege huja hapo kunywa na kuoga maji yasiyo na magadi, na tope laini la mdomo wa mto lina chakula tele. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hakuna pesa taslimu, kwa hiyo maliza malipo nyumbani usiku uliotangulia. Kaa ndani ya gari isipokuwa pale paliporuhusiwa kushuka. Nyati wa Nakuru hulala kwenye majani karibu kabisa na maji, na akilala haonekani.

Mbuga ina gharama, na huwezi kuiingia kila wiki kwa mfuko wa kawaida. Ndiyo maana maji yangu ya kila mara ni mabwawa ya majitaka. Najua neno lenyewe linawafanya watu wakunje pua. Lakini fikiria kilichomo: maji yasiyo na kina, yenye rutuba nyingi, yasiyokauka kiangazi, na ambayo hakuna anayeyavua wala kuyaogelea. Rutuba huotesha mwani, mwani hulisha viluwiluwi vya wadudu, na bata hula vyote viwili. Kingo zimenyooka, unatembea juu yake na kuona bwawa zima. Harufu huizoei, ila baada ya nusu saa unaisahau.

Hapo huingii bila ruhusa. Fika kwanza siku ya kazi katika ofisi ya kampuni ya maji, eleza unachotaka, uombe barua au angalau jina la msimamizi wa zamu. Kisha langoni: “Habari ya asubuhi, mzee. Nimekuja kutazama ndege, niliongea na ofisi.” Mwonyeshe darubini, mpe aangalie bata mmoja. Askari aliyemwona bata kwa darubini mara moja hukukumbuka mwaka mzima, na mara nyingi ndiye atakayekuambia kwamba juzi kulitua ndege wasio wa kawaida.

Bwawa la shamba ni chaguo la tatu. Kuanzia Njoro hadi Solai na Bahati kuna mabwawa mengi ya kunyweshea ng'ombe, na hata dogo tu lenye majani ukingoni linaweza kukaliwa na kibisi na kukuziwa (nitawaeleza Hatua ya 5) pamoja na bata kadhaa msimu wote. Omba ruhusa kwa mwenyewe, funga lango la ng'ombe nyuma yako.

Walioko Kisumu wana utajiri wa aina nyingine. Dunga, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kuna mafunjo na ndege wake wa pekee, na unaweza kukodi mashua ya mvuvi asubuhi na mapema. Kwa bata na ndege wa matopeni, mashamba ya mpunga ya Ahero ni bora zaidi, hasa yanapolimwa kwa maji au baada ya mavuno. Wawili wa kuwaheshimu upande huo ni kiboko na kichocho: usisimame kati ya kiboko na maji jioni, na usitie miguu mitupu ziwani wala mfereji wa mpunga.

Hatua ya 2: Darubini, daftari na simu

Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kwa maisha yote. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ambacho huamua mwanga unaoingia. 10x42 huleta ndege karibu zaidi, lakini pia hukuza mtetemo wa mikono yako, na mwanzoni mtetemo huo hukera. Jihadhari na darubini za bei rahisi zinazodai kukuza mara 50 au 100. Picha yake huwa giza na haitulii.

Kuna kazi ndogo ambayo wengi huiruka, halafu wanalaumu darubini. Macho yetu mawili hayalingani. Tafuta maandishi yaliyo mbali, mathalani bango. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Sasa funga la kushoto, na bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete iliyo kwenye kijicho cha kulia mpaka herufi zikae sawa. Kumbuka alama ilipo. Toka hapo unatumia gurudumu la katikati pekee. Usiyevaa miwani, vuta vikombe vya macho nje. Mwenye miwani avisukume ndani.

Kumpata ndege: mtazame kwa macho, usiyaondoe, kisha inua darubini hadi machoni. Anayeinua darubini kwanza na kuanza kutafuta huishia kuona maji matupu.

Daftari dogo na penseli, kwa sababu wino hukimbia ukilowa. Kwenye simu weka Merlin, programu ya kutambua ndege, na upakue kifurushi cha ndege kinachohusu Kenya ukiwa na intaneti nzuri, kisha kitafanya kazi hata pasipo mtandao. Ichukulie kama rafiki wa kumuuliza, si hakimu. Ongeza sweta, kwa maana Nakuru iko juu, karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, na alfajiri ya Januari ina baridi ingawa mchana utachomwa na jua. Viatu viwe vya kufunika; kingo za mabwawa huteleza.

Hatua ya 3: Saa, jua na upepo

Fika jua linapochomoza, saa kumi na mbili na nusu hivi, na maliza kabla ya saa nne. Baada ya hapo joto hupanda juu ya maji, hewa hucheza, na hata darubini nzuri haikusaidii. Jioni kuanzia saa kumi pia ni nzuri, ingawa upepo wa mchana huwa umeyachafua maji na bata wadogo hupotea kati ya mawimbi.

Jua liwe mgongoni kwako. Asubuhi simama ukingo wa mashariki utazame magharibi. Jioni kinyume chake. Jambo hili peke yake litakuongezea ndege unaowatambua kuliko kubadilisha darubini. Bata aliye mbele ya jua ni kivuli cheusi tu, na rangi ya mdomo, ambayo ndiyo ufunguo wa bata wetu, haionekani.

Hatua ya 4: Sogea kwa adabu

Tembea polepole, simama mara kwa mara, usiweke mwili wako wazi juu ya ukingo ukikata anga. Bata akiacha kula na kunyoosha shingo wima, umekaribia kiasi cha kutosha. Akianza kuogelea kukupa mgongo, umepitiliza. Rudi hatua chache, kaa chini, ngoja dakika kumi. Mara nyingi wataanza tena kula kana kwamba haupo.

Usiwarushe ndege ili uwaone wakiruka, na usikubali kijana yeyote apige mawe kwa ajili yako. Kwa mgeni hasa, kila kuruka ni chakula anachokipoteza, na kuanzia Februari anajinenepesha kwa safari ya kurudi. Mkate pia uache nyumbani.

Hatua ya 5: Wajue wenyeji kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo msingi ulipo. Kabla ya kuuliza jina, jiulize: anakulaje? Bata wengine huelea juu, huchuja maji kwa mdomo au hubinuka kichwa chini mkia juu. Wengine hupiga mbizi na kupotea kabisa. Swali hilo moja linagawa bwawa mara mbili.

Bata bukini hutakosea. Ni mkubwa, wa rangi ya udongo, ana duara la hudhurungi kuzunguka jicho, na hutembea wawili wawili nchi kavu akila majani na kugombana na jirani kwa kelele. Mtumie kama kipimo cha ukubwa.

Anayefuata ni bata wa mdomo wa manjano (kwa jina la kisayansi Anas undulata), mwenyeji wa nyanda za juu. Mwili ni wa kijivujivu wenye magamba, lakini mdomo ni wa manjano safi wenye mstari mweusi juu. Ukiwa na jua mgongoni utamtambua toka mbali.

Kisha kuna wawili wanaochanganya kila anayeanza. Wote wana utosi wa giza na shavu jeupe. Mmoja ana mdomo mwekundu (Anas erythrorhyncha). Mwingine ni mdogo zaidi, mmoja wa bata wadogo kabisa duniani, ana mdomo wa buluu na doa la giza nyuma ya shavu (Spatula hottentota). Ukiwa na shaka tafuta walipo: yule mdogo hupenda kujibanza kwenye majani ya ukingoni, wakati mwekundu hukaa wazi katikati. Ukimwona wa kijivu mweupe kote, mdomo wa waridi, asiye na utosi wa giza, huyo ni Anas capensis, mpenzi wa maji ya magadi; Nakuru na Elmenteita ni kwao.

Kwa wapiga mbizi, kibisi ndiye mdogo, mviringo, huzama bila sauti na kuibuka mahali usipotarajia. Kukuziwa ni mweusi mwenye bamba jeupe usoni na vifundo viwili vyekundu juu yake. Bata mzamiaji wa hudhurungi nzito, dume mwenye jicho jekundu na jike mwenye mwezi mwandamo mweupe nyuma ya jicho, ni Netta erythrophthalma. Na ukimwona bata mfupi aliyeinua mkia mgumu wima, dume wa rangi ya kutu mwenye mdomo wa buluu kali, simama hapo hapo. Ni Oxyura maccoa, ambaye yumo katika hatari ya kutoweka duniani. Andika saa, mahali, idadi, madume wangapi na majike wangapi.

Wakubwa wengine utawajua haraka: mwari wakiogelea nusu duara na kuzamisha midomo kwa pamoja ili kuwabana samaki, mnandi wakikausha mbawa juu ya miti iliyokufa ndani ya maji, domomwiko akifagia maji kushoto na kulia, kwarara na yangeyange kila mahali. Usiwadharau kwa kuwa wa kila siku. Ukikaa na mwari kwa nusu saa utaona jinsi samaki wanavyobanwa bila njia ya kutoka. Samaki hao wenyewe waliletwa na watu: perege wa maji ya magadi walipandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, na mwari wengi wakafuata.

Hatua ya 6: Sasa wageni

Mgeni wa kwanza kumtafuta ni bata wa mdomo mpana (Spatula clypeata). Mdomo wake ni mrefu kuliko kichwa na umepanuka kwenye ncha, hivyo hata kivuli chake hujulikana. Kingo za ndani zimejaa nyuzi ngumu zinazochuja maji. Mtazame akila: shingo imelala juu ya maji, mdomo umezama nusu, anasonga mbele bila kuinua kichwa. Wakiwa kundi hufuatana kwa duara, kila mmoja akichuja matope yaliyotibuliwa na aliye mbele yake. Kwenye bwawa la majitaka unaweza kukaa ukingoni mita thelathini kutoka kwao na kuona maji yakitiririka pembeni mwa mdomo.

Wanaofika Oktoba na Novemba karibu wote ni wa kahawia, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Sababu ni kwamba madume hubadilisha manyoya baada ya kuzaliana na kwa miezi kadhaa hufanana na majike. Usitafute kichwa cha kijani Novemba. Tafuta jicho la manjano la dume, na akiruka, bega la bawa lenye buluu nyepesi. Kisha rudi kila wiki. Mwezi wa Desemba utaona mabaka meupe kifuani na kijani kikichungulia shavuni, na kufikia Januari au Februari dume yuko kamili: kichwa cha kijani, kidari cheupe, ubavu wa rangi ya kutu. Hakuna kitabu kinachofundisha kuvaa upya kwa bata kama kundi moja ulilolifuata msimu mzima.

Wa pili ni mdogo na mpole, Spatula querquedula. Karibu wote wa Ulaya huvuka Sahara kuja Afrika, kwa hiyo sisi ndio wenyeji wao wa nusu ya mwaka. Jike na dume asiye na rangi hujulikana kwa uso wenye mistari: nyusi nyeupe, mstari wa giza jichoni, mwingine chini yake, na doa jeupe karibu na mdomo. Dume huchelewa kuvaa. Nyusi yake nene nyeupe inayoshuka hadi shingoni huonekana vizuri Februari na Machi, karibu na kuondoka.

Wa tatu ni Anas acuta, mwenye shingo ndefu nyembamba na mkia uliochongoka. Jike wa rangi ya mchanga, mdomo wa kijivu, hutambulika kwa umbo hilo hilo. Hujichanganya na wawili waliotangulia, hivyo kila kundi lipitie bata mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka.

Kwenye tope ukingoni kuna wageni wengine, na hapa usijilazimishe kuwajua wote mwaka wa kwanza. Anza na wanne. Mdogo kuliko wote, anayedonoa haraka haraka kama cherehani, ni Calidris minuta: ana gramu ishirini na kitu, na alikozaliwa, tundra ya kaskazini kabisa, ni zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapo uliposimama. Mwenye mgongo wa madoadoa meupe na nyusi nyeupe ni Tringa glareola. Anayetikisa mkia bila kupumzika ukingoni mwa zege ni Actitis hypoleucos. Na kundi la ndege wenye kichwa kidogo, shingo ndefu, wengine wakubwa wazi kuliko wenzao, ni Calidris pugnax; wale wakubwa ni madume. Wenyeji watakaokuvuruga hapo ni ndege mweusi na mweupe wa miguu mirefu myekundu, na yule mwenye kilio cha chuma kugonga chuma, ambaye hupiga kelele akikuona na kuwatahadharisha wengine wote. Mkwepe huyo kwanza.

Hatua ya 7: Hesabu

Hesabu huanza kuwa na maana pale unapoirudia mahali pale pale. Kundi dogo hesabu mmoja mmoja. Kubwa, hesabu kumi, zikaze kumi hizo machoni uone zinachukua nafasi kiasi gani, kisha zipachike juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Fanya mara mbili, kushoto kwenda kulia halafu kulia kwenda kushoto. Matokeo yakitofautiana sana, rudia. Andika pia sifuri: bwawa lisilo na bata siku ya Januari ni habari.

Katika daftari weka tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, kimo cha maji ukilinganisha na jiwe au nguzo isiyohama, kisha ndege na idadi. Nyumbani viingize eBird au mradi wa Kenya Bird Map, hifadhi za mtandaoni za rekodi za ndege, ambapo rekodi zako zinaweza kutumiwa na watafiti.

Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini duniani kote, chini ya mpango wa shirika la Wetlands International uliopo tangu 1967. Hapa Kenya huandaliwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Nature Kenya, na maziwa ya Bonde la Ufa ni kitovu chake. Wanaojitolea hukaribishwa. Uliza mapema Desemba. Utawekwa na mtu mzoefu, na asubuhi moja ya kuhesabu pembeni yake itakufundisha mengi.

Ndege mgonjwa, mfu au mwenye pete

Ukikuta ndege waliokufa, hasa wengi kwa pamoja, usiwaguse wala usimruhusu mtoto au mbwa awasogelee. Mafua ya ndege yapo duniani na bata ni wabebaji. Piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa maafisa wa wanyamapori au wa mifugo siku hiyo hiyo. Ukitoka mabwawa ya majitaka, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula na safisha soli za viatu.

Mara chache utaona ndege mwenye pete mguuni. Ya chuma haisomeki kwa mbali, lakini ya rangi husomeka kwa darubini au kwa picha ya simu iliyowekwa kwenye kijicho cha darubini. Andika rangi, herufi, namba, na ni mguu upi, kulia au kushoto kwa upande wa ndege mwenyewe. Tuma Makumbusho ya Taifa, Nairobi, pamoja na picha. Jibu linaweza kuchukua miezi, na huja na tarehe na mahali ndege huyo alipovishwa pete.